Sungura, bweha na kaliba: bunduki ipi kwa shamba la Tanga?

Anayeuliza mtandaoni bunduki ya kudhibiti sungura na mbweha huangukia mashauri ya Waingereza. Ni mashauri mazuri kwa kwao: malisho mapana, udongo laini, mwindaji anakaa usiku na taa juu ya gari. Ukiyabeba yalivyo mpaka Mkinga, Muheza au Pangani yatakupoteza, kwa sababu mnyama si yule, ardhi si ile na sheria si ile.

Tuanze na mnyama. Sungura wa Ulaya, yule anayechimba mashimo na kuishi ukoo mzima chini ya ardhi, porini kwetu hayupo. Kwetu yuko bandani, anafugwa. Anayekata miche ya kunde na mchicha alfajiri ni kitungule, kama wazee wa pwani wanavyomwita, mwenye masikio marefu na miguu mirefu ya nyuma, kilo moja na nusu hadi tatu. Hana shimo. Hulala kwenye nyasi, na akishtuka anaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo yale mambo ya kumvizia mdomoni mwa shimo kwa mita 25 yasahau. Kwetu mara nyingi utamwona kwa mita 40 hadi 70, amekaa pembeni mwa shamba.

Mbweha wa Uingereza ni yule mwekundu, na wengi wao hawafiki kilo 8. Bweha wetu ana kilo 7 hadi 12, kifua kipana zaidi, na anavumilia jeraha kuliko unavyodhani. Kaliba, yaani aina ya risasi ambayo mtutu umechongwa kuipiga, inayotajwa kuwa "inatosha kwa mbweha kwa shida" huko, hapa haitoshi. Na bweha masikio, yule mdogo mwenye masikio kama mapanga ya feni, anakula mchwa na wadudu. Huyo hana kesi na kuku wako.

Halafu hakikisha kwamba mwizi ni bweha kweli. Kuku wengi wanaosingiziwa bweha wameliwa na kanu, fungo, nguchiro au kicheche. Bweha humbeba kuku akaondoka naye, ukabaki na manyoya yaliyotawanyika kuelekea porini. Mayai yaliyopasuliwa karibu na jiwe ni kazi ya nguchiro, maana huyarusha kwa nyuma, katikati ya miguu yake, mpaka yapasuke. Angalia nyayo kwenye udongo mbichi: bweha ana vidole vinne na alama za kucha zinaonekana, kama mbwa mdogo; kanu na jamii ya paka wao hutembea kucha zikiwa ndani. Na mbuzi aliyeng'atwang'atwa miguu ya nyuma na kuachwa, waulize kwanza majirani wenye mbwa wanaozurura usiku. Dhidi ya kanu na nguchiro dawa ni banda lenye sakafu ngumu na wavu wa matundu madogo. Bunduki haitakusaidia kitu.

Sungura naye huzuiwa kwa wavu kabla ya risasi: matundu yasiyozidi sentimita 3, urefu sentimita 90 juu ya ardhi, na sentimita 15 za chini zikunjwe kuelekea nje na kufukiwa. Wengi wanaufukia wima. Mnyama akichimba pale wavu unapoingia ardhini anapita chini yake, lakini ukikunjwa kuelekea nje, miguu yake inachimba juu ya wavu wenyewe.

Baada ya hapo ndipo karatasi. Silaha inamilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na safari yake huanzia polisi. Leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Hata sungura ni mnyamapori, na mlango wa kubisha ni ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda gizani, kuwinda kwa taa na kutumia sumu. Ukiwa Mkwaja au kijiji kingine kinachopakana na Saadani, mpaka wa hifadhi uujue kwa miguu yako, usiukadirie.

Katazo la taa ndilo linalobadilisha hesabu ya kaliba. Mwingereza anapiga mbweha usiku kwenye malisho, mita 150 au 200, akiona macho yanang'aa. Wewe una nusu saa ya alfajiri baada ya kupambazuka na nusu saa ya jioni kabla jua halijazama, katikati ya minazi, mihogo na mikorosho. Nafasi yako ni mita 40 hadi 100. Kaliba ya mita 250 unailipia bure, na zile mita 150 za ziada risasi itazimalizia kwa jirani.

Ardhi inaamua kabla ya bunduki

Sehemu kubwa ya mwambao wa Tanga imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Unaona udongo mwekundu au mchanga, lakini chini kidogo, na pengine juu kabisa, kuna jiwe. Risasi nzito ya mwendo mdogo ikigonga jiwe kwa pembe ndogo haivunjiki. Inadunda na kuendelea na safari. Na .22 Long Rifle, ile ndogo inayodharauliwa, ikielekezwa juu vizuri inaweza kufika karibu kilomita 2. Katika mashamba yetu kilomita 2 ni vijiji viwili na shule.

Dawa yake tunayo miaka yote: dungu. Lile lile la kuamia ndege na ngedere. Fanya hesabu. Umelala kifudifudi, mtutu uko sentimita 40 juu ya ardhi, sungura yuko mita 60, unalenga sentimita 10 juu ya ardhi. Risasi ikimkosa au ikimpita, inagusa ardhi kama mita 20 nyuma yake, tena kwa kuparaza. Huo ndio mdundo wenyewe. Simama wima, mtutu mita moja na nusu, inagusa ardhi mita 4 nyuma yake. Panda dungu ambalo mtutu unakuwa mita 4 juu, inaingia ardhini mita moja na nusu tu nyuma ya mnyama, na kwa pembe kubwa zaidi. Dungu la miti na kamba ya mkonge ni nafuu kuliko boksi moja la risasi, na linafanya kazi ambayo hakuna kaliba inayoifanya.

Shamba tambarare ambalo upande mmoja kuna nyumba na mwingine kuna njia ya baiskeli halina kaliba inayofaa. Hapo ni wavu, mbwa na banda.

Kaliba zenyewe

Kuna mgawanyo mmoja wa kuujua. Risasi ndogo hugongwa ukingoni mwa kitako cha ganda. Ganda likishatumika ni la kutupa. Kubwa hugongwa katikati, penye fataki inayowasha baruti. Za ukingoni ni za bei nafuu, hazina kishindo kikubwa, na ndizo za sungura. Za katikati zinaanzia kwa bweha.

Kwa sungura, .22 LR (ndiyo ile .22 Long Rifle) imekuwepo tangu 1887 na bado haijapata mbadala wa maana ndani ya mita 60. Chukua ile ya mwendo chini ya sauti: kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greni 40, yaani gramu 2.6, chenye tundu mbele, kinachotoka kwa mita 320 hivi kwa sekunde. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo risasi hiyo haitoi ule mlio wa kupasua hewa na sungura wa pili anaweza asikimbie. Nguvu yake ni jouli 130 tu, lakini sungura akipigwa kichwani au nyuma ya bega haombi zaidi. Lile tundu la mbele lina kazi mbili: linapanua risasi ndani ya nyama, na likikutana na udongo linapunguza kudunda. Linapunguza, haliondoi.

Tatizo lake ni kuanguka. Ukisawazisha bunduki igonge pale pale unapolenga kwa mita 50, kwa mita 75 imeshuka karibu sentimita 10, kwa mita 100 zaidi ya robo mita. Ukikosea umbali kwa hatua ishirini umemvunja mguu. Kwa hiyo pima shamba mchana, kwa kamba, na uweke vijiti vya alama kwenye mita 40, 50 na 60. Kisichofika kwenye kijiti hupigi.

Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia .22 LR ya kasi, mita 380 kwa sekunde, wakidhani wamepata dawa. Inaanguka kidogo zaidi, kweli, lakini upepo unaisukuma zaidi kuliko ile ya polepole. Inasikika kama kinyume, ila ndivyo ilivyo: risasi inayotoka juu kidogo ya kasi ya sauti hupunguzwa mwendo kwa nguvu sana na hewa, na kinachohesabika kwa upepo ni mwendo unaopotea njiani. Kusi likivuma mchana kutoka baharini, tofauti hiyo utaiona kwenye karatasi ya shabaha.

.17 HMR, iliyotoka 2002, ni ganda la .22 Magnum lililobanwa shingo kubeba kichwa cha greni 17, gramu 1.1. Inatoka kwa mita 777 kwa sekunde na jouli 330. Hadi mita 100 huhitaji kufikiria kuanguka. Kichwa chake chepesi huvunjika kikigusa kitu, kwa hiyo hudunda kidogo kuliko .22 LR, na kwa ardhi ya matumbawe hilo ni jambo kubwa. Ila ina madeni yake. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaoikata ubavuni unaisogeza kama sentimita 10 kwa mita 100, na upepo huo kwetu ni wa kawaida tu. Shingo za maganda yake zinajulikana kwa kupasuka. Boksi lililokaa dukani muda mrefu lichunguze moja moja kwenye mwanga. Na ikimpiga sungura kifuani nyama ya mbele imekwisha, kwa hiyo kwa wa kula ni kichwa tu. Kwa bweha siipendekezi. Kichwa hupasukia begani kabla hakijafika mapafuni, na mnyama anakwenda kufia kichakani kwa siku mbili.

.22 Magnum ya 1959 ina jouli 420 kwa greni 40. Iko katikati: imezidi kwa sungura, imepungua kwa bweha, labda mita 60 na kwa kifua kilichokaa vizuri. Onyo moja: ganda lake ni nene kuliko la .22 LR. Risasi ya .22 LR inaingia kwenye chemba ya Magnum, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ikicheza, na ukifyatua ganda linapasuka na gesi inaweza kukurudia usoni. Mwenye bunduki zote mbili asiweke risasi zake mfuko mmoja.

Kwa bweha, chaguo langu kwa mashamba ya pwani ni .22 Hornet. Ni kaliba ya zamani, ya miaka ya 1930, na vijana wa mtandaoni wanaicheka. Greni 45, mita 820 kwa sekunde, jouli karibu 980 mdomoni mwa mtutu. Inamwangusha bweha hadi mita 150 kwa kichwa chenye ncha laini, na kishindo chake ni kidogo kuliko cha .223. Kwa masafa ya mita 40 hadi 100 imekaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Udhaifu wake ni upatikanaji. Kabla hujalipia bunduki, muulize mwuzaji risasi hizo ameagiza lini mara ya mwisho, na akionekana kukwepakwepa, nenda .223.

.223 Remington yenye greni 55 inatoka kwa mita 985 kwa sekunde na jouli 1,740. Upepo ule ule wa kilomita 16 unaisogeza sentimita 3 tu kwa mita 100. Kichwa chenye gamba jembamba la shaba, cha kuwindia wanyama wadogo, hupasuka ndani ya kifua cha bweha na mara nyingi hakitoki upande wa pili, hilo ni zuri kwa walio nyuma. Usinunue risasi yenye kichwa kilichofunikwa shaba chote: hutoboa tundu jembamba, hutoka na kuendelea na safari, na bweha anakimbia mita 200. Tena kaliba hii inafanana kwa umbo na risasi ya kijeshi ya 5.56, ambayo presha yake ni nyingine; bunduki iliyochongwa .223 ipewe .223. Kwa sababu ya ufanano huo, waulize polisi kuhusu kaliba hii kabla ya kutoa hata shilingi ya kutanguliza.

.243 kwa bweha ni nyundo kwa msumari mdogo. Inaingia kwenye mazungumzo kwa sababu moja tu: nguruwe. Mkulima wa mihogo na mahindi wa Handeni au Muheza atakuambia kwamba bweha ni kero, nguruwe ndiye hasara. Nguruwe wa porini ana kilo 50 na kuendelea, na .22 ya aina yoyote kwake ni ukatili. Kama kibali chako kinagusa nguruwe na pesa yako ni ya bunduki moja, .243 yenye greni 100 (jouli 2,600) inabeba kazi hiyo, na kwa bweha unaweka greni 58. Sungura hapo umemwachia wavu.

Shotigani haipaswi kusahaulika, maana ndiyo wengi wanayo tayari. Kipimo cha 12, marisau (zile punje nyingi ndogo) gramu 32 ya namba 5 kwa sungura ndani ya mita 35. Kwa bweha punje kubwa zaidi, za BB, ndani ya mita 30. Marisau hupoteza nguvu mapema, kwa hiyo shamba lenye nyumba mita 400 nyuma linaruhusu shotigani ambapo raifoli hairuhusiwi na akili. Kosa la kila siku ni kumpiga bweha wa mita 50 kwa marisau ya njiwa. Ataondoka na punje sita mgongoni na kurudi baada ya wiki amekonda, akiwafuata kuku kwa sababu hawezi tena kukimbiza kingine.

Gobole sitalipa nafasi. Mtutu wa bomba la maji haukutengenezwa kwa baruti, na siku ukipasuka unapasukia upande wa jicho.

Kusawazisha darubini

Darubini ya bunduki ndogo iwe imetengenezwa kwa ajili yake, yaani picha yake imesawazishwa kwa mita 50 hivi. Darubini ya kuwindia wanyama wakubwa imesawazishwa kwa mita 100. Ukiitumia kwa mita 40, ukisogeza jicho kidogo msalaba unahama juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika. Kwa kichwa cha sungura hilo linatosha kukosa. Lenzi ya mbele ya milimita 40 inatosha kwa mwanga wa alfajiri.

Anza mita 25, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Piga tatu bila kugusa kitu, tafuta katikati ya matundu matatu, usifuate tundu moja. Darubini nyingi husogea robo inchi kwa yadi 100 kwa kila mlio wa "tik", ambayo kwa mita 25 ni milimita 1.7 hivi. Kundi likiwa sentimita 5 kushoto, ni milio kama 29 kuelekea kulia. Watu hupiga milio minne, wakaona karatasi haijabadilika, wakasema darubini ni mbovu. Ukishasawazisha mita 25, hamia mita 50 na urudie, na kwa kaliba za bweha malizia mita 100. Ukibadilisha aina ya risasi, hata kama kaliba ni ile ile, rudia yote; .22 moja hupenda kampuni moja na kuchukia nyingine, na hakuna anayeweza kukuambia mapema.

Bweha apigwe akiwa ubavu, nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Akikutazama uso kwa uso subiri ageuke. Akianguka, ngoja dakika tano, msogelee kwa nyuma, na usimshike kwa mkono mtupu: bweha hubeba kichaa cha mbwa, na mate kwenye mchubuko yanatosha. Mfukie kwa kina ambacho mbwa hawatafukua. Sungura wa kula, mwenye kujali halali hutaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, na akimkuta bado hai anamchinja. Nyama iliyo karibu na jeraha, sentimita kadhaa kuzunguka, ikatwe itupwe kwa sababu vipande vya risasi havionekani kwa macho.

Mwisho ni chumvi. Hewa ya Tanga hula chuma hata ndani ya kabati. Baada ya kila kutoka, hata kama hukufyatua, pangusa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, na pitisha kitambaa ndani ya mtutu kutokea nyuma kwenda mbele, usisugue mdomo wa mtutu kwa fimbo. Usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wake wa kitambaa au ngozi. Mfuko unanyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma, na wakati wa masika wiki moja inatosha kutoa madoa. Risasi zikae kwenye kopo linalofunga, mbali na bunduki na kwa kufuli lingine, na kabla ya kutoka alfajiri pitisha kitambaa kikavu mtutuni, kwa sababu risasi ya kwanza kupita kwenye mafuta huenda pembeni.